Mshono usioonekana kwenye kikaragosi cha flisi: wa Henson, wa ngazi, au wa kuzungushia kwa ndani?

Ukishakata flisi, kile kitambaa chenye vinyweleo cha blanketi na majaketi, vipande vinne na kuvishona kuwa kichwa cha kikaragosi, kitu cha kwanza kukukera ni mistari. Mmoja unashuka katikati ya uso, mwingine umezunguka kisogo, na kiumbe uliyekuwa ukimwona akilini anatoka kama mpira wa miguu uliotiwa viraka. Hapo ndipo watu huanza kuulizia mshono usioonekana, na hupewa majibu matatu yanayogombana. Mmoja atakwambia hakuna kama mshono wa Henson. Mwingine ataapia mshono wa ngazi. Wa tatu, aghalabu fundi wa siku nyingi, atakushangaa: shonea kwa ndani, geuza, unahangaika na nini?

Nimeshona vikaragosi vya mkono kwa miaka kadhaa, vingi vikitokana na blanketi na majaketi ya mitumba, na sikumbuki hata kimoja nilichokimaliza kwa mshono wa aina moja. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia sehemu yake ya mwili wa kikaragosi. Kisogo kina mahitaji yake, sikio lina yake, na mkono unaopungia watoto una yake.

Kabla ya mshono, kitambaa

Flisi tuliyoizoea ni poliesta. Imefumwa kwa vitanzi kama fulana, kisha ikachanwa pande zote mbili mpaka vinyweleo vikasimama. Ilitoka Marekani, kwenye kiwanda cha Malden Mills huko Massachusetts, mwaka 1979. Kwa mshonaji, utengenezaji huo una faida mbili: ukingo uliokatwa hauchomoki nyuzi kama wa kitenge, na vinyweleo vinaweza kuufunika uzi wako. Mishono yote mitatu inaishi kwa faida hizo mbili, kila mmoja ukizitumia kwa njia yake.

Vikaragosi maarufu vya karakana ya Jim Henson, Mmarekani aliyebuni Muppets, havikushonwa kwa poliesta hiyo. Mafundi wake walitumia flisi ya nailoni iitwayo Antron, jina la nyuzi za kampuni ya DuPont. Nailoni hupokea rangi za asidi, zile zinazotumika kutia rangi sufu, kwa hiyo walinunua kitambaa cheupe na kukipaka rangi waliyoitaka. Poliesta yetu haina ukarimu huo. Rangi za pakiti tunazochemshia nguo za pamba hazishiki kwake, na rangi uliyoikuta kwenye belo ndiyo utakayobaki nayo. Lakini tusijidharau: chura wake Kermit wa kwanza, wa mwaka 1955, alishonwa kutokana na koti kuukuu la mama yake Henson, na macho yake yalikuwa mpira wa ping-pong uliokatwa nusu. Tunaochambua makoti ya mitumba tuko kwenye njia ileile.

Sokoni utakutana na flisi za namna tatu hivi. Ipo nene ya jaketi, yenye vinyweleo vifupi vilivyoshikana. Hiyo ndiyo bora. Ipo ya blanketi jepesi, nyembamba, inayovutika sana. Halafu ipo ya yale mablanketi laini yanayong'aa, vinyweleo virefu, ambayo ukiigusa na mkasi tu sebule nzima inajaa manyoya. Ya tatu inaficha mshono wowote, hata wa ovyo, lakini inateleza na kukukimbia mkononi.

Jambo moja lina uzito kuliko mishono yote: mwelekeo wa vinyweleo. Pitisha kiganja juu ya kitambaa. Upande mmoja vinalala, upande mwingine vinasimama na rangi inakolea kidogo. Chora mshale nyuma ya kila kipande kabla hujakata, na mishale yote itazame chini. Niliwahi kushona mamba kwa uangalifu wa ajabu, mshono haukuonekana hata ukiutafuta kwa tochi, na bado kila aliyemwona aliuliza kwa nini nimetumia vitambaa viwili. Shavu moja lilitazama juu, jingine chini. Mamba alikuwa na shavu la jana na shavu la leo.

Vigezo vya kulinganishia

Nimeipima mishono hii kwa mambo matano.

La kwanza ni kuonekana, na hapa lazima ujiulize nani anatazama. Mtoto aliyekaa mkekani mita tatu kutoka kwako haoni anachoona kamera iliyosogezwa karibu na uso. Taa kali ya pembeni nayo hufichua kila mfereji, wakati mwanga wa dirishani kutoka mbele hausemi mengi. (Si kila kikaragosi kina tatizo hili, bila shaka. Wanasiasa wa The XYZ Show, walioingia kwenye televisheni ya Kenya mwaka 2009 kwa ubunifu wa mchora katuni Gado, nyuso zao ni za mpira wa kumimina kwenye kalibu. Mafundi wao wana maumivu mengine.)

La pili ni unene. Chini ya flisi ya kichwani kwa kawaida kuna fuvu la sponji, sentimita moja au zaidi kidogo. Kitambaa kinachokunjwa kwa ndani kinakaa juu ya sponji hiyo na kusukuma nje, na mshono ambao uzi wake hauonekani kabisa unaweza kujitangaza kwa kuvimba kama mshipa wa shingo.

La tatu ni nguvu. Kikaragosi si mto wa kochi. Kuna mkono mzima ndani yake, unafungua na kufunga mdomo mara mamia katika onyesho moja. Pembe za mdomo, shingo na kwapa ndiyo sehemu zinazopasuka kwanza.

La nne ni muda. La tano, ambalo watu hulisahau mpaka siku wanapolia, ni urahisi wa kufumua ukikosea.

Vifaa ni vilevile kwa wote: sindano nyembamba yenye ncha kali, uzi wa poliesta wa rangi ya kitambaa, na mswaki mkavu. Ukikosa rangi kamili, chukua uzi uliokoza kidogo kuliko kitambaa, usichukue uliopauka. Uzi mweusi kidogo hujificha kwenye kivuli cha mshono. Mweupe kidogo unang'aa kama mvi. Uzi wa nailoni usio na rangi unavutia kwa jina, lakini taa ikiupiga unametameta, na fundo lake hufunguka lenyewe. Kata uzi usiozidi urefu wa kutoka vidoleni hadi kiwikoni, maana vinyweleo vya flisi hupenda kunasa uzi mrefu na kuufunga mafundo. Upitishe kwenye nta au mshumaa, kisha katikati ya vidole ili mabaki yatoke.

Pasi weka mbali. Poliesta ikipata moto, vinyweleo vinayeyuka na kuacha doa linalong'aa ambalo halina dawa.

Mshono wa Henson

Umepata jina kutokana na karakana ambayo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilimpata fundi Don Sahlin, aliyemtengeneza mbwa Rowlf mwaka 1962. Kila mshonaji ana kajinsi kake ka kuushona. Ninaoueleza hapa ni ule uliozoewa na mikono yangu.

Hukunji chochote. Vipande viwili vinawekwa ukingo kwa ukingo, upande wa nje ukikutazama. Aliyewahi kumtazama bibi akiunga ukili kuwa mkeka anajua wazo lake: hakuna kipande kinachopanda juu ya kingine. Sindano inatoka chini ya kipande cha kushoto na kutokeza juu, milimita mbili au tatu kutoka ukingoni. Inaingia kwenye ufa katikati ya vipande, inapita chini ya kipande cha kulia, inatokeza juu. Inarudi ufani, inapita chini ya kushoto, milimita tatu mbele ya pale ilipotokea mwanzo. Ni kama kamba za buti zinazopandia kwa chini kila tundu. Baada ya hatua tatu au nne unavuta. Kingo zinakutana, na vipande vifupi vya uzi vilivyolala juu vinazama ndani ya vinyweleo. Kisha unachukua ncha ya sindano na kuchokoa vinyweleo vilivyobanwa, unapiga mswaki, na mstari unapotea.

*Kuonekana.* Kwenye flisi nene ya jaketi hakuna unaoufikia. Hakuna mfereji, hakuna uvimbe. Kwenye flisi nyembamba mambo hugeuka: vinyweleo havitoshi kuuzamisha uzi, na unabaki na vialama vya V vilivyojipanga kama nyayo za kuku.

*Unene.* Sifuri, kwa sababu hakuna kilichokunjwa. Hii ndiyo fahari yake hasa. Juu ya fuvu la sponji kitambaa kinakaa kama ngozi.

*Nguvu.* Hapa nina kisa. Nilimshona sungura karibu mwili mzima kwa mshono huu, shingo ikiwamo, nikampeleka kwenye onyesho la watoto wa chekechea. Katikati ya wimbo shingo ikaachia. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti: "Anko, mbona sungura anatoka sponji?" Nikamfanya sungura apige chafya na kujificha nyuma ya pazia. Kosa halikuwa la uzi, kwa maana uzi ulikuwa mzima. Sindano ilikuwa imeshika ukingoni mno, na kila nilipoinamisha kichwa uzi uliikata flisi kama waya unavyokata mche wa sabuni. Tangu hapo kila baada ya hatua tano au sita naweka hatua mbili mahali pamoja za kufunga, na shingoni siutumii kabisa.

*Muda.* Mwingi. Mita moja ya mshono, hatua zikiwa milimita tatu, ni hatua zaidi ya mia tatu, na kuchokoa vinyweleo ni kazi nyingine juu yake. Kwa mkono wangu ni karibu saa mbili.

*Kufumua.* Ni vigumu. Uzi ulioufanya usionekane kwa wengine hauonekani kwako pia. Nimewahi kukata kitambaa nikidhani nakata uzi.

Unamfaa mwenye subira, mwenye flisi nzuri, na anayeshona sehemu itakayotazamwa kwa karibu: uso, paji, kisogo cha kiumbe asiye na nywele. Una faida nyingine pia. Unaweza kuushona kitambaa kikiwa tayari kimevishwa kwenye sponji, ukinyoosha na kurekebisha huku unaendelea.

Mshono wa ngazi

Huu mafundi wa makochi na wa mito wanaujua bila kuupa jina. Unakunja ukingo wa kila kipande kwa ndani, kama nusu sentimita, na kuvikutanisha mikunjo kwa mikunjo. Sindano inasafiri ndani ya kunjo la kushoto milimita nne, inatoka, inavuka moja kwa moja hadi kunjo la kulia, inasafiri humo milimita nne, inavuka tena. Ukiuacha bila kuvuta unaona vidaraja vilivyopangana kama ngazi. Ukivuta, vidaraja vinaingia ndani na kupotea.

*Kuonekana.* Uzi hauonekani hata kidogo, kwenye flisi ya aina yoyote, nene kwa nyembamba. Kinachoonekana ni bonde dogo pale mikunjo inapokutana. Kwenye vinyweleo virefu bonde hilo linafunikwa. Kwenye vifupi linabaki. Sharti lake moja kubwa ni kuvuka kwa unyoofu. Ukivuka kimshazari, kipande kimoja kinateleza mbele ya kingine, na ukifika mwisho unakuta kimezidi sentimita nzima.

*Unene.* Ndio udhaifu wake. Flisi ya milimita tatu ikikunjwa ni sita, na juu ya sponji hiyo ni mshipa. Ipo dawa: chora mstari wa mshono kwenye sponji, kisha kwa wembe chonga kijifereji ambamo mikunjo italala. Inasaidia sana, lakini umeongeza kazi. Wengine wenye flisi nene hawakunji kabisa. Wanapitisha sindano ndani ya unene wa ukingo wenyewe, na hapo mshono wa ngazi na wa Henson wanakuwa watoto wa baba mdogo na baba mkubwa.

*Nguvu.* Nzuri, kwa sababu sindano imeshika kitambaa mbali na ukingo. Ila uzi ni mmoja unaopita kote, ukikatika mahali ngazi nzima inalegea. Hatua za kufunga zinahitajika hapa pia.

*Muda.* Saa moja na nusu kwa mita, ukihesabu kukunja na kupiga pini. Ukipiga bandi ya kushikilia mikunjo kwanza, mkono unakwenda haraka na mshono unatoka umenyooka zaidi.

*Kufumua.* Rahisi kuliko yote. Ukipanua mikunjo kwa dole gumba, vidaraja vinajitokeza, unakata kimojakimoja.

Unawafaa wanaoshona kiungo juu ya kitu kilichokwisha kamilika: sikio kichwani, pua usoni, mkono begani. Unafaa pia kufunga tundu ulilopitishia sponji, kazi ambayo mshono wa ndani hauwezi kuifanya. Ukiwa na flisi nyembamba ya blanketi na huna nyingine, huu ndio utakaokuficha.

Kuzungushia kwa ndani

Fundi mmoja wa cherehani, mama wa makamo, alinikuta nikichokoa vinyweleo kwa ncha ya sindano saa nne usiku umeme ukiwa umekatika. Akasema, "Mwanangu, hicho ni kidole cha kikaragosi au unatoa funza?" Akachukua kidole kingine, akakishonea kwa ndani, akakigeuza. Alitumia muda wa kunywa kikombe cha chai.

Namna yake: vipande viwili vinatazamana uso kwa uso, mgongo nje, vimeshikwa kwa pini au vibanio vya nguo. Sindano inatoboa vyote viwili milimita mbili au tatu kutoka ukingoni, uzi unazunguka juu ya kingo, sindano inarudi ilikoanzia, milimita tatu mbele. Ukimaliza unageuza, unashika pande zote mbili za mshono kwa madole gumba na kuvuta kama unayepasua chungwa, mpaka mshono ulale.

*Kuonekana.* Kuna mfereji mwembamba, na hatua zikiwa za mbali au legelege, vijiti vya uzi vinachungulia ndani yake. Hatua zikiwa za karibu na zimekazwa sawasawa, na mswaki ukipita, mtazamaji wa mita mbili haoni kitu. Kamera ya karibu itaona.

*Unene.* Mdogo. Kingo za milimita mbili zinasimama kwa ndani kisha zinalala zenyewe. Si sifuri kama wa Henson, lakini uko mbali sana na wa ngazi.

*Nguvu.* Kubwa, na hili huwashangaza wengi. Uzi unakumbatia vipande vyote kila hatua, na mzigo unagawanyika. Shingo ya sungura wangu niliishona upya hivi, mistari miwili, na haijasogea mpaka leo.

*Muda.* Dakika arobaini kwa mita, pengine chini ya hapo.

*Kufumua.* Rahisi kabla ya kugeuza. Baada ya kugeuza na kujaza sponji, inabidi ubomoe nyumba ili ubadilishe dirisha.

Kikwazo chake kikubwa ndicho hicho cha kugeuza. Huwezi kuutumia kwenye kitu kisichogeuzika, na mahali fulani lazima ubakishe tundu, ambalo utalifunga kwa mshono mwingine. Unamfaa anayeanza, anayeshona vingi kwa mara moja, na kila anayeshona mikono yenye vidole vinne vinavyofanana. Fundi anayeushona huu vizuri huwa na mishono safi kuliko anayeanza na Henson siku ya kwanza.

Vipi cherehani, vipi gundi?

Cherehani inafaa kwa mwili utakaovaa nguo, maana hakuna atakayeuona mshono. Tumia mshono wa zigizaga mwembamba. Ule ulionyooka hukatika flisi inapovutwa. Kwa uso, tatizo ni kwamba meno na mguu wa cherehani hukivuta kitambaa kwa kasi tofauti, na mstari unatoka na mawimbi. Gundi ya kugandishia sponji wapo wanaoipaka kwenye kingo za flisi pia. Ikikauka inakuwa ngumu, vinyweleo vinagandana, na unapata kovu badala ya mshono. Mimi naiacha ifanye kazi yake kwenye sponji.

Kulingana na hali yako

Kikaragosi cha kurekodia video, hasa cha kutazamwa usoni, chenye flisi nene: uso na kisogo kwa mshono wa Henson, bila kubana matumizi ya muda. Panga mishono yako mahali pa kujificha tangu kwenye karatasi ya kukatia. Mstari unaopita nyuma ya masikio hauhitaji ustadi uleule wa mstari unaokatiza paji la uso.

Vikaragosi kumi vya darasani, vinavyotakiwa Ijumaa: shonea kwa ndani vyote, funga matundu kwa ngazi, na umalizie kwa mswaki. Watoto wataangalia mdomo na macho. Macho yakiwekwa vibaya, mshono wa malaika hautakuokoa.

Kama kitambaa ulichokipata ni blanketi jepesi, sahau Henson kwanza. Kwa ndani pale panapogeuzika, ngazi pale pasipogeuzika, na chonga sponji. Kama ni lile linalong'aa la vinyweleo virefu, fanya yoyote iliyo rahisi kwako, lakini vinyweleo visukume ndani kwa ncha ya sindano kabla ya kila hatua, visije vikashonewa nje kama ndevu. Kisha chana.

Anayeshona kwa mara ya kwanza maishani aanze na mikono ya kikaragosi, kwa ndani. Mikono haitazamwi sana, ni midogo, na ukiharibu umepoteza kipande cha upana wa kiganja. Akimaliza jozi mbili, ajaribu ngazi kwa kushonea masikio. Henson unaweza kusubiri kichwa cha tatu.

Macho yako yakichoka mapema, au ukishonea kwenye taa hafifu jioni baada ya kazi, mshono wa Henson kwenye flisi nyeusi utakuadhibu bure. Chagua rangi ya mwanga, au ushone mchana wikendi, au chukua ule wa kwa ndani ambao vidole vyenyewe vinaweza kuupapasa.

Na shingo, kwapa na pembe za mdomo, hata kwenye kikaragosi cha kamera, zishonee kwa ndani mistari miwili. Pale mstari huo unapokutana na mshono wa Henson wa usoni, anza Henson sentimita moja kabla ya shingo kuisha, juu ya hatua zilezile za ndani, ili makutano yasiwe mahali pa kwanza kuachia.

Kabla hujakata kichwa chenyewe, chukua makombo ya flisi yako, kata vipande viwili vya sentimita thelathini, mishale ikitazama upande mmoja, na uviunge: sentimita kumi kwa Henson, kumi kwa ngazi, kumi kwa kuzungushia. Andika nyuma kwa peni upi ni upi. Kizungushie kipande hicho kwenye sponji, kisimamishe dirishani, nenda kasimame mwisho wa chumba, kisha usogee polepole mpaka uone mstari wa kwanza.